Magavana wanne kwa mwaka mmoja, na mji usio na meya

MNAMO 2017 pekee, wakazi wa Nyeri walikuwa chini ya magavana wanne.

Bw Nderitu Gachagua alifariki jijini London mwezi Februari, miezi michache baada ya Seneti kumnusuru kutoka kwa madiwani waliokuwa wamepiga kura ya kumng’oa mamlakani. Naibu wake, Bw Samuel Wamathai, alirithi kiti hicho hadi uchaguzi wa Agosti, ambapo Dkt Wahome Gakuru alitwaa usukani.

Dkt Gakuru hakumaliza hata miezi mitatu. Mapema Novemba aliangamia katika ajali ya barabarani eneo la Kabati, Kaunti ya Murang’a. Kabla ya mwezi huo kwisha, naibu wake, Bw Mutahi Kahiga, alikuwa ameapishwa.

Vifo havina ratiba, na hakuna anayeweza kuwalaumu watu wa Nyeri kwa mikasa hiyo. Hata hivyo, mwaka huo uliweka wazi jambo ambalo lilikuwapo tangu zamani: mji huu ulio chini ya Mlima Kenya haujawahi kuwa na kiongozi wake mwenyewe aliyedumu kiasi cha kuulizwa juu ya alichofanya na alichoacha kufanya.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kutazama mji mmoja wa mbali, Hannover, ulioko kaskazini mwa Ujerumani.

Januari 1972, madiwani wa Hannover walimchagua Herbert Schmalstieg kuwa meya. Alikuwa mwanachama wa chama cha SPD na umri wake ulikuwa miaka 28, jambo lililomfanya kuwa meya mwenye umri mdogo zaidi katika miji mikubwa ya nchi hiyo. Aliondoka ofisini mwaka wa 2006 akiwa na miaka 63.

Kwa miaka hiyo 34, Kenya ilitawaliwa na marais watatu. Kule Ujerumani, nchi iliyokuwa imegawanyika iliungana, makansela wakaja na kwenda. Schmalstieg alibaki pale pale katika jengo la baraza la mji.

Alikuwapo reli ya mjini ilipoanza kutumia mahandaki yake mnamo 1975. Alikuwapo Hannover ilipofunga undugu na Hiroshima mwaka wa 1983, na uhusiano na Blantyre nchini Malawi, ulioanza 1968 kabla yake, ukaendelea mikononi mwake. Alikuwapo pia maonyesho ya dunia ya Expo yalipofanyika katika mji huo mnamo 2000.

Kuhusu maonyesho hayo, kuna jambo la kuzingatiwa. Mnamo 1992 wakazi waliulizwa kwa kura iwapo walitaka mzigo huo. Waliokubali waliwazidi waliokataa kwa kiasi kidogo tu. Meya aliyetarajia kuondoka baada ya mwaka mmoja asingethubutu kuuliza swali kama hilo, kwa sababu si yeye ambaye angekuwapo kulipokea jibu.

Msomaji anaweza kusema kwamba Wajerumani ni Wajerumani, na Nyeri ni Nyeri. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mifumo ya miji hii miwili ingekuwa tofauti tangu mwanzo. Haikuwa tofauti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, eneo la kaskazini magharibi mwa Ujerumani lilikuwa chini ya jeshi la Uingereza. Waingereza waliweka huko utaratibu walioufahamu kwao: meya anayechaguliwa na madiwani, anayeongoza vikao na kuvaa mkufu wa heshima, na kando yake afisa mkuu aliyeshika mafaili, wafanyakazi na makadirio ya fedha.

Yeyote aliyewahi kuripoti vikao vya mabaraza ya manispaa ya Nyeri, Embu au Meru kabla ya 2013 atautambua utaratibu huo mara moja. Ndio ule ule wa meya na karani wa mji. Mwingereza aliuacha kwa Mjerumani aliyemshinda vitani na kwa Mwafrika aliyemtawala.

Kwa hivyo, swali si kwa nini mfumo wa kigeni ulifaulu kule na mfumo wetu ukafeli hapa. Swali ni kwa nini mbegu moja iliota mti kule na gugu hapa.

Tofauti ya kwanza ilikuwa karani. Hannover, afisa huyo aliajiriwa na baraza lenyewe na kuwajibika kwalo. Kenya, maafisa wakuu wa mabaraza waliajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma na kuhamishwa na Wizara ya Serikali za Mitaa. Meya wa Nyeri angeweza kukosana na karani wake asubuhi, lakini barua ya kumwondoa ingetoka Nairobi, kama ingetoka kabisa.

Tofauti ya pili ilikuwa fedha. Katiba ya Ujerumani, katika kifungu cha 28, inazipa manispaa haki ya kujiendeshea mambo yao, na miji hupata kodi ya biashara pamoja na sehemu ya kodi ya mapato.

Huku kwetu mwelekeo ulikuwa kinyume. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyapokonya mabaraza ya kaunti za wakati huo elimu ya msingi, afya na barabara. Manispaa nyingine zilibakishiwa baadhi ya kazi, lakini funzo lilikuwa limeeleweka: kinachotolewa na Nairobi, Nairobi inaweza kukichukua. Ilibidi kungoja sheria ya 1998 ndipo mabaraza yakatengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato kupitia hazina maarufu kama LATF.

Naye Waziri alikuwa na uwezo wa kuvunja baraza zima. Nairobi yenyewe, yenye fahari zake zote, ilinyang’anywa baraza lake mnamo 1983 na kuendeshwa na tume hadi 1992. Ikiwa jiji kuu lilitendwa hivyo, Karatina ingejitetea kwa nini?

Tofauti ya tatu ilikuwa kura. Schmalstieg pia alichaguliwa na madiwani, si na umma, kwa miaka yake 24 ya kwanza. Ila huko vyama vilikuwa imara, na diwani aliyeuza kura yake alijua chama hakingemrejesha.

Katika miji yetu, kwa miaka mingi kipindi cha meya kilikuwa miaka miwili. Siku za uchaguzi zilipokaribia, lilikuwa jambo la kawaida kusikia kwamba kundi la madiwani limefichwa katika hoteli ya mbali, simu zao zimekusanywa, nao watatolewa asubuhi ya kura wakiwa ndani ya gari moja.

Meya aliyepatikana kwa njia hiyo alitumia mwaka wa kwanza kuwalipa fadhila waliomchagua, na mwaka wa pili kuwatafuta watakaomchagua tena. Mitaro ya maji machafu ilingoja.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyohusu Nyeri hasa. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, na Mkuu wa Mkoa alikuwa na ofisi yake papo hapo. Katika enzi ambapo Mkuu wa Mkoa alikuwa jicho la Rais, meya aliyepita mbele ya ofisi hiyo na mkufu wake shingoni alijua vyema nani alikuwa mwenye mji.

Si kwamba watu wa eneo hili hawajui kumweka kiongozi mahali pamoja kwa muda mrefu. Marehemu Mwai Kibaki aliingia bungeni 1963 akiwakilisha eneo la Nairobi, akahamia Othaya 1974, na kukaa huko hadi alipostaafu urais 2013. Hiyo ni nusu karne bungeni, miaka 39 kati yake kwa kura za Othaya.

Ila uvumilivu huo ulielekezwa kwa Bunge, ambako ndiko kulikokuwa na mamlaka na fedha. Kiti cha meya kilionekana kuwa ngazi tu. Mtu aliipanda ili afike kwingine.

Mfano mzuri ni Charles Rubia, mzaliwa wa Murang’a na Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, kuanzia 1962 hadi 1967. Alikuwa na kipaji cha uongozi wa mji, na alilishika jiji hilo wakati wa mpito mgumu kutoka mikononi mwa walowezi. Lakini baada ya miaka hiyo mitano alielekea bungeni, akawakilisha Starehe kutoka 1969 hadi 1988.

Historia inamkumbuka zaidi kwa Julai 1990, alipotiwa kizuizini pamoja na Kenneth Matiba kwa kudai mfumo wa vyama vingi. Alipofariki Desemba 2019, umeya wake ulitajwa kama dibaji ya maisha yake. Andrew Ngumba naye alitoka umeya akaingia Bunge, na Dick Wathika vivyo hivyo. Kati ya mameya wa Nairobi wa baada ya uhuru, Bi Margaret Kenyatta ni miongoni mwa waliodumu zaidi, na yeye alikaa miaka sita.

Ndiyo maana wakati mabaraza yote 175 ya nchi yalipozikwa kufuatia uchaguzi wa Machi 4, 2013, hapakuwa na matanga. Wakenya walikuwa wameyachoka. Ripoti ya tume ya Ndung’u ya 2004 ilikuwa imeonyesha jinsi mabaraza yalivyoshiriki kugawa ardhi ya umma kama njugu, na mnamo 2010 meya wa Nairobi alilazimika kukaa kando kwa sababu ya kashfa ya ununuzi wa ardhi ya makaburi.

Mwandishi huyu hana hamu ya kuyafufua mabaraza hayo. Lakini kuyafuta yale yaliyooza ni jambo moja, na kuweka kitu mahali pake ni jambo jingine.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilikusudia miji iendeshwe na bodi na mameneja. Katika umbo lake la kwanza, sheria hiyo ilitaka mji uwe na watu 250,000 ndipo uitwe manispaa. Kwa kigezo hicho cha idadi ya watu, hakuna mji ulio karibu na mlima huu ambao ungefaulu. Nyeri mjini, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na wakazi wapatao 80,000. Mwaka huo wa 2019 ndipo Bunge liliposhusha kiwango hicho hadi 50,000.

Katika miaka ya kwanza ya ugatuzi, miji hii iliendeshwa kama idara za serikali ya kaunti. Bodi zilianza kuundwa kwa kasi wakati mpango wa kufadhili miji unaogharamiwa na Benki ya Dunia ulipoweka sharti kwamba fedha hazitatolewa kwa mji usio na hati ya manispaa na bodi. Yaani, kile ambacho sheria yetu wenyewe ilishindwa kuharakisha, hundi ya mgeni iliharakisha.

Fedha hizo zimefanya kazi inayoonekana. Kituo cha magari cha Field Marshal Muhoya, katika eneo la Asian Quarters mjini Nyeri, kilitokana na mpango huo. Ni kituo kizuri kuliko msongamano wa zamani katikati ya mji.

Hata hivyo, matatu zilipohamishiwa huko, wafanyabiashara waliozoea kuuza kwa abiria wanaoshuka mlangoni mwao walilalamika kwamba wateja wametoweka. Malalamiko ya namna hiyo hutokea kila mji unapopangwa upya, kote duniani. Cha kutazamwa ni mahali yalikopelekwa.

Mji wa Nyeri na viunga vyake umegawanyika katika wadi tano: Rware, Kamakwa/Mukaro, Ruring’u, Gatitu/Muruguru na Kiganjo/Mathari. Kila wadi ina diwani wake, na hakuna diwani kati yao anayewajibika kwa mji mzima. Mbunge hutunga sheria na kusimamia hazina ya eneobunge. Bodi ya manispaa ina watu tisa ambao mkazi wa kawaida hawajui kwa majina, wala hakuwapigia kura siku ya uchaguzi mkuu. Basi mchuuzi wa Nyeri aliyepoteza wateja hana mlango wa kubisha ila wa gavana.

Naye gavana ana kaunti nzima yenye watu zaidi ya 750,000, tangu mashamba ya kahawa na majani chai hadi nyanda kavu za Kieni. Ana hospitali, chanjo za mifugo na mgogoro wa mishahara. Isitoshe, ana siasa za kitaifa.

Oktoba 2025, Gavana Kahiga alijiuzulu wadhifa wa naibu mwenyekiti wa Baraza la Magavana baada ya matamshi yake kuhusu kifo cha Raila Odinga kuzua ghadhabu kote nchini, naye akaomba radhi. Kwa siku kadhaa, jina la Nyeri lilikuwa midomoni mwa Wakenya wote. Hakuna aliyekuwa akizungumzia taka za Nyeri mjini au taa za barabarani, wala hakukuwa na mtu mwingine mwenye kura za wakazi wa mji ambaye angeendelea na shughuli hizo huku gavana akizima moto.

Bw Kahiga ndiye aliyeshikilia kiti cha ugavana wa Nyeri kwa muda mrefu kuliko wote waliomtangulia. Alichaguliwa kwa kura yake mwenyewe 2022, na Katiba haimruhusu kuwania tena 2027: kifungu cha 182 kinahesabu kipindi alichorithi 2017 kuwa muhula kamili, kwa sababu kilikuwa kimebakisha zaidi ya miaka miwili na nusu. Akimaliza, atakuwa ametawala takriban miaka 10. Ni mingi kwa kipimo chetu, na hata hivyo, ilikuwa miaka ya kuitawala kaunti.

Miji jirani ina matatizo yayo hayo kwa sura nyingine. Nanyuki ndio mji mkubwa wa Laikipia, lakini makao makuu rasmi ya kaunti hiyo ni Rumuruti. Karatina ina soko ambalo kwa miaka mingi limetajwa miongoni mwa masoko makubwa ya wazi Afrika Mashariki. Zamani ushuru wa soko hilo uliingia katika hazina ya baraza la mji, hata kama uliliwa humo. Sasa unaingia katika hazina ya kaunti, na mama anayeuza viazi Karatina hana njia rahisi ya kujua shilingi ngapi kati ya alizolipa zilirudi kuzoa taka mbele ya kibanda chake.

Kuna taasisi moja mjini Nyeri iliyodumu, nayo inafundisha kuliko hotuba nyingi. Ni kampuni ya maji, NYEWASCO.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Kenya kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ ilianza majaribio katika manispaa tatu: Nyeri, Eldoret na Kericho. Wazo lilikuwa sahili mno. Idara ya maji ya baraza ipewe akaunti yake, ili pesa za ankara za maji zisichanganywe na mishahara ya madiwani na posho za safari. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, idara hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa kampuni zinazomilikiwa na mabaraza.

Tangu bodi ya kusimamia huduma za maji nchini, WASREB, ianze kuchapisha ripoti za kulinganisha kampuni hizo, ile ya Nyeri imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa bora zaidi. Imepita enzi za mameya waliobadilika kila baada ya miaka miwili, ikapita kufutwa kwa baraza lililoizaa, ikapita magavana wanne wa 2017, na mifereji haikukauka.

Haikudumu kwa sababu wafanyakazi wake ni malaika. Ilidumu kwa sababu ina fedha zake, ina wataalamu wasiong’olewa kila upepo unapogeuka, na ina kipimo kinachochapishwa ambacho kila mtu anaweza kukisoma. Mambo hayo ndiyo aliyokuwa nayo Schmalstieg, na ndiyo aliyoyakosa meya wa Nyeri.

Wapo watakaosema kwamba kiongozi wa miaka 34 ni hatari. Wana haki ya kusema hivyo. Nchi iliyokaa miaka 24 chini ya rais mmoja haihitaji kufundishwa jinsi kiti kinavyoweza kumzoea mtu. Kumpa meya wa Kenya ya miaka ya 1990 muda kama huo, bila ukaguzi wa hesabu na bila kura ya wananchi, kungekuwa kumkabidhi fisi bucha.

Lakini Hannover haikumwacha Schmalstieg bila kumpima. Baraza lilichaguliwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Kisha jimbo likaufanyia mageuzi ule mfumo wa Kiingereza wenye vichwa viwili, likaunganisha kazi za meya na za afisa mkuu, na kuwapa wakazi kura ya moja kwa moja. Mnamo 1996, baada ya miaka 24 ya kuchaguliwa na madiwani, meya huyo alilazimika kwenda kwa wapigakura mwenyewe. Walimrejesha kwa miaka mingine 10.

Hapa Kenya hakuna kizuizi cha kikatiba kinachozuia hatua kama hiyo. Kifungu cha 184 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya uongozi wa miji na majiji, na kinataka wakazi washirikishwe. Hakisemi kwamba mwenyekiti wa bodi lazima ateuliwe. Wabunge wakitaka, wanaweza kurekebisha sheria ya 2011 ili mwenyekiti wa manispaa ya Nyeri, ya Embu au ya Meru achaguliwe na wakazi wa wadi za mji huo siku ile ile ya uchaguzi mkuu, na sehemu ya ushuru wa mji ibaki mjini.

Kizuizi kilichopo ni cha siasa. Hakuna gavana atakayefurahia kuona mtu mwingine mwenye kura za umma akikaa umbali wa mita chache kutoka ofisini kwake. Wanahodha wengi, wanasema, chombo huenda mrama. Ila manahodha hao wana vyombo viwili tofauti, na kimoja kati yavyo kwa sasa hakina hata mmoja.

Agosti 2027, mpigakura wa Rware atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani. Mshindi wa ile ya pili atakuwa mgeni ofisini, na atakuwa na sauti kubwa katika kuamua nani ataketi katika bodi ya mji.